Vijiti Arobaini na Kimoja

Watu waliofanya kazi na Fundi Bawaba walikizoea kioja chake kimoja. Kila alipompa mtu ukurasa wa tovuti aujaribu kabla haujatolewa hadharani, alivuta kiti, akaketi kando ya mtu huyo, kisha akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja na kuvikalia. Akishakaa hivyo hatikisiki. Mtu ahangaike, apotee, abonyeze pasipobonyezeka, Bawaba anatazama tu huku jasho likimtoka utadhani yeye ndiye anayetahiniwa. Ukimuuliza, anakwambia mkono ulio huru una kiherehere. Utaonyesha tu, na ukishaonyesha umejidanganya, maana siku ukurasa utakapokwenda kwa watu, wewe hutakwenda nao.

Wenzake ofisini walidhani alilisoma hilo mahali. Hakulisoma. Aliamriwa na mama mkwe wake, na amri hiyo ina kisa chake, ambacho yeye mwenyewe hukisimulia nusunusu kwa sababu anaona haya. Mimi sina haya hiyo, kwa hiyo nitakisimulia chote.

Jina la Bawaba alilipata kabla hajagusa kompyuta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa seremala wa milango. Alitengeneza milango ya mbele, ya jikoni, ya makabati, hata ya kibanda cha mbwa wa jirani, na yote iligeuka kwa kidole kimoja bila kelele. Halafu vumbi la mbao likamwingia kifuani. Daktari akamwambia achague kati ya randa na pumzi, naye kwa shingo upande akachagua pumzi. Akiwa na miaka arobaini na mitatu akaenda kukaa benchi moja na vijana wa darasa la kompyuta. Wiki ya kwanza walimwamkia shikamoo wakidhani ndiye mwalimu.

Alijifunza polepole, lakini alichokishika hakikumtoka. Alipoelezwa kwamba ukurasa wa tovuti una sehemu za kusoma na sehemu za kubonyeza, alicheka peke yake. Akasema basi hii ni kazi yangu ya zamani, kuna ukuta na kuna mlango, na mlango usifanane na ukuta. Mwalimu akaiandika sentensi hiyo ubaoni. Bawaba alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa maringo, na mkewe, ambaye anafundisha watoto wa chekechea na hadanganyiki kirahisi, alimuuliza kama ameokota kitu njiani.

Sasa mama mkwe. Bibi huyu alikuwa mpanga barua posta kwa miaka thelathini na mmoja. Alisimama mbele ya ukuta wa vishubaka, barua mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukazirusha kila moja mtaani kwake. Mwandiko uliowashinda wote uliletwa kwake. Aliusogeza kwenye taa, akakunja uso kidogo, kisha akautaja mtaa na nyumba. Macho yake ndiyo yalikuwa cheo chake. Alipostaafu hakuacha mazoea ya kazini: kila kitu alikiandika daftarini, na kila alichokihesabu alikihesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yake, kama alivyohesabu vifurushi.

Alimpenda mkwewe, ila hakuwa mtu wa kusema. Alimwita Fundi, basi. Bawaba alipokwenda kuposa zamani zile, alimtengenezea mlango wa mbele kama zawadi, wenye maua yaliyochongwa kwa patasi pande zote, mzuri hata wapita njia walisimama. Mvua za kwanza zikanyesha, mbao ikavimba, mlango ukagoma. Bibi alikaa wiki tatu akiusukuma kwa bega na hakumwambia mtu. Bawaba alipokuja na kumwona anavyojitupa mlangoni kwake mwenyewe, alitaka ardhi ipasuke. Alimuuliza kwa nini hakumwita.

"Nilidhani mimi ndiye sijui kuufungua," alijibu yule mama. "Mlango wenyewe mzuri hivi."

Siku hiyo Bawaba aliuteremsha mlango, akaupiga randa ukingoni, akaapa moyoni kwamba mlango ukigoma, kosa si la mgeni. Hilo aliapa akiwa kijana. Baadaye alibadilisha kazi, na kiapo, kama vile patasi na misumeno, kikabaki katika karakana.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kuchonga funguo, meza tatu, dirisha moja, na mlio wa mashine ya funguo uliopanda sakafuni mchana kutwa. Hapo ndipo hospitali ya macho ya mji ilipoleta kazi. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja kwa wiki mbili kuwatoa watu mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni, na hospitali haikutaka foleni ya wazee getini tangu alfajiri. Walitaka watu wajiandikishe kwa simu, katika tovuti, kabla Ijumaa fulani haijaisha. Atakayekosa angesubiri miezi minane, bingwa arudi tena.

Bawaba aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Alitafuta mpiga picha, wakapiga picha ya jicho moja tu, jeusi, lenye mng'ao, kope zikihesabika, naye akaitandaza ikajaza kioo chote cha simu. Chini yake aliweka maneno ya hospitali kwa herufi nyembamba za rangi ya majivu, kwa sababu hakutaka kitu chochote kilizidi lile jicho. Chini zaidi, baada ya historia ya hospitali na salamu za mkurugenzi, palikuwa na kitufe kidogo cheupe-cheupe kilichoandikwa "Endelea". Mkurugenzi alipoonyeshwa alisema hajapata kuona. Na kweli ulikuwa ukurasa mzuri wa kutazama. Ila uliandaliwa kwa watu wasioona vizuri, na hilo halikumjia akilini mtu yeyote kati ya wale waliokuwa wakiusifu kwa macho yao mazima.

Meza ya pili ofisini ilikuwa ya dada mmoja waliyemwita Takwimu, kwa sababu hakuna alichokisema bila tarakimu. Alikuwa na programu iliyoonyesha mahali watu wanapogusa ukurasa, kila mguso doa jekundu. Hakuona jina la mtu, aliona vidole tu. Alhamisi asubuhi aliwaita.

"Njooni muone maajabu. Jana saa nane mchana kuna mtu amelibonyeza jicho mara arobaini na moja. Mtu mmoja, nusu saa nzima, pale pale."

Katikati ya mboni palikuwa na lundo la madoa mekundu, jicho limekuwa kama linaumwa kweli. Wakacheka. Takwimu akasema huyu si mtu, huyu ni kuku, anadonoa. Bawaba, Mungu amsamehe, akaongeza chake: "Mwambieni basi hapo hapana mtama." Kicheko kilichofuata kilimfanya mchonga funguo azime mashine chini asikilize. Kutoka hapo mtu yule akaitwa Kuku. Mtu akikosea kitu chochote ofisini, akimwaga chai, aliambiwa usiwe Kuku. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, lakini wahenga hawakuwa na meza katika chumba kile.

Jumapili, Bawaba na mkewe walikwenda kumsalimia mama. Walimkuta sebuleni, kiti kimesogezwa dirishani, anachambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Bawaba akaamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba huku akiugeuza uso kuitafuta sauti. Mwezi uliopita daktari alikuwa amemwambia macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kulia likichelewa litakuwa gumu kutibika.

"Mama, ulijiandikisha kule hospitali?" mkewe aliuliza.

"Nafasi zimejaa," alijibu yule mama, akaendelea na mchele.

Bawaba alijua hazijajaa. Nambari alikuwa nazo: zilibaki zaidi ya nusu, na hospitali walikuwa wanashangaa. Alidhani mama mkwe anaogopa kisu, na mkwe hamuulizi mama mkwe habari za woga. Mlango wa kabati ulikuwa umelegea, akaomba penseli aweke alama ya skrubu, akaambiwa ipo pale kwenye rafu ya simu, juu ya daftari.

Daftari lilikuwa wazi. Herufi zake, ambazo zamani zilisimama wima kama watu kwenye foleni ya posta, sasa zilikuwa kubwa na zimeinama ovyo, zinapandana. Bawaba hakukusudia kusoma. Alisoma kabla hajajizuia.

"Jumatano, saa nane mchana. Hospitali ya macho. Bonyeza jicho. Halifungui. Jaribu pole pole. Jaribu kwa nguvu."

Chini yake palikuwa na vijiti. Bawaba alijua idadi yake kabla hajaanza kuvihesabu, na alivihesabu hata hivyo. Vifungu vinane vya tano tano, na kijiti kimoja kimesimama peke yake.

Skrubu hakuikaza vizuri siku ile. Alikwenda uani akajifanya anakagua bomba, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakutaka kuulizwa. Alikuwa anamwona mama mkwe wake ameinamia simu, kidole kwenye mboni ya picha, akipiga kijiti baada ya kijiti kwa utaratibu wake wote wa kazini, huku yeye na wenzake wameshikana mbavu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alimweleza mkewe. Alimweleza habari ya daftari. Habari ya kuku aliimeza.

"Si umwandikishe tu wewe mwenyewe," mkewe alisema. "Dakika moja hiyo."

"Na ataenda?"

Mkewe alikumbuka habari ya sukari. Mwaka juzi alikuwa amemwandikisha mama kupimwa sukari bila kumuuliza, na siku ya kupimwa mama alivaa vizuri, akakaa sebuleni tangu asubuhi hadi jioni, akasema yeye si kifurushi cha kupelekwa na mtu. Hakwenda siku ile wala siku nyingine.

"Hataenda," mkewe alikiri. "Na jicho lenyewe halina mwaka mwingine, baba watoto. Kufikia Ijumaa awe ameandikishwa kwa mkono wake mwenyewe. Sijui utafanyaje, lakini utafanya."

Jumatatu Bawaba alifika ofisini wa kwanza. Takwimu alipoingia, alimwambia Kuku ni nani. Yule dada alibaki amesimama na mkoba begani. Baadaye alikaa, akafungua programu yake, na kwa mara ya kwanza akawatazama wengine wote, siyo yule aliyechekesha. Watu mia mbili na kitu walikuwa wameufungua ukurasa. Wengi wao waligusa jicho mara mbili, mara tatu, wakaondoka wasirudi.

"Hakuwa peke yake," Takwimu alisema polepole. "Ila yeye ndiye aliyevumilia kuliko wote."

Jumanne mchana Bawaba alipiga hodi kwa mama mkwe akiwa na bahasha kubwa kwapani. Alikuwa ameukata ukurasa wake vipande, kila kitu kadi yake: picha ya jicho, historia ya hospitali, salamu za mkurugenzi, ramani ya njia, namba za simu, saa za kazi, kujiandikisha. Aliandika kwa kalamu nene nyeusi. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama siku ya posa.

"Mama, nimekuja kuomba msaada. Ule ukurasa wa hospitali niliutengeneza mimi, na umegoma."

"Nani kakwambia umegoma?"

Hapo angeweza kusema uongo mdogo na mambo yakaenda. "Daftari lako, mama. Jumapili. Nilipochukua penseli."

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea rafu ya simu.

"Daftari la mtu ni barua iliyofungwa," alisema. "Miaka thelathini na mmoja, Fundi, sijafungua barua ya mtu."

"Ni kweli mama. Nimekosa."

"Umekosa." Akakunja mikono mapajani, akaikunjua. "Mimi nilijua ni kazi yako. Binti yangu alinitangazia mapema, mume wangu kafanya hivi, mume wangu kafanya vile. Nikasema nikienda kumwambia nimeshindwa, ataona kazi yake mbaya. Nami nilidhani ni macho yangu tu."

"Na ule mlango ulidhani ni bega lako."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, upande mmoja tu wa mdomo. "Lete hizo karatasi nizione. Nisogeze dirishani kwanza."

Kadi zikatandazwa mezani. Mama mkwe aliziinua moja moja, akazisogeza karibu na pua, akauliza kila moja ni ya nani na inakuja mara ngapi. Bawaba alipoonekana haelewi, alimweleza kama anavyoelezwa mgeni wa kazi. Ukutani posta vishubaka havikupangwa kwa uzuri wa majina. Mtaa unaopokea barua nyingi ulikaa kifuani, mahali mkono unapofika bila kufikiri. Wa barua chache ulikaa juu ya kichwa, na wa barua moja kwa mwezi ulikaa miguuni, anayeutaka atainama. Mitaa jirani ilikaa jirani. Na kati ya kundi na kundi waliacha safu moja tupu, isiyowekwa kitu, ili jicho lijue limevuka.

"Wakubwa walitaka kuijaza ile safu tupu," alisema. "Kila mkubwa mpya akija, anauliza mbona hii imekaa bure. Haijakaa bure. Inafanya kazi kuliko zote. Sasa niambie, mgonjwa anakuja pale kufanya nini?"

"Kujiandikisha."

"Basi mbona umemweka miguuni? Na huyu mkurugenzi na salamu zake, nani kamuuliza hali?"

Bawaba alimwondoa mkurugenzi kifuani. Historia ilikwenda miguuni. Namba za simu, ramani na saa za kazi zikakaa pamoja, kwa sababu ni mitaa jirani. Kisha akamwonyesha kwenye simu zile herufi zake za rangi ya majivu, akauliza kama zinasomeka.

"Kwani pana maandishi hapo? Umeyaandika kwa maziwa?"

Akacheka Bawaba, akacheka na mama mkwe, na kicheko hicho kilimuuma pale pale kilipomfurahisha. Akauliza swali alilolijia. Kwa nini alibonyeza jicho?

"Ningebonyeza nini kingine? Nimekwenda kutibiwa jicho, nikaona jicho. Ndilo pekee lililokuwa linaniangalia."

Jumatano nzima Bawaba alifanya kazi. Alisikia kishawishi cha kulifuta jicho kabisa, lakini akakumbuka viwanja alivyopita utotoni, jinsi watu wanavyokata njia yao majanini na kuiacha ile ya saruji. Mwenye akili huihamisha saruji. Akalipunguza jicho, akaliweka juu kabisa, akaandika ndani yake kwa herufi nene nyeupe juu ya weusi: Bonyeza hapa ujiandikishe. Ukiligusa popote, kopeni au mbonini, linafungua.

Alhamisi alirudi kwa mama mkwe. Bibi alishika simu, akaligusa jicho, likafunguka mara moja. Aliurudisha ukurasa nyuma akaligusa tena, kuhakikisha. Akaandika jina lake. Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, ambapo palikuwa na visanduku vitatu vidogo, na kidole chake kikaanza kuzunguka hewani. Bawaba hakustahimili. Mkono wake ukaruka wenyewe.

"Hapa mama, hiki cha katikati ni mwe—"

"Mkono wako unaniziba." Akauchapa, si kwa nguvu. "Fundi, hospitali watanipa na mkono wako? Kila mgonjwa atapewa mkono wako?"

"Hapana mama."

"Basi ukalie. Yote miwili."

Akaikalia. Mama mkwe akahangaika na visanduku vile dakika nne, na katika dakika nne hizo Bawaba aliona kasoro nyingi kuliko alizoziona katika mwezi mzima wa kuutazama ukurasa kwa macho yake mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alirudi ofisini, yeye na Takwimu wakaving'oa visanduku vitatu wakaweka kimoja kipana. Wakaondoa na maswali mawili ambayo hospitali ilikuwa inajua majibu yake tayari.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni tena, mlango ule ule wa maua. Safari hii mkewe naye alikuja, akiwa ameomba ruhusa chekechea, akakaa kimya kwenye kochi.

"Mama," Bawaba alisema kabla hajampa simu, "leo si majaribio. Ukurasa umeshatoka, uko kwa watu. Utakachobonyeza ni kweli. Ukifika mwisho, utakuwa umeandikishwa kupasuliwa. Ukitaka kuishia njiani, ishia. Sitakutega."

Yule mama aliigeuza simu mikononi. Nje mtu alipita akiburuta toroli, mlio ukaja ukaondoka.

"Kinapita kisu kwenye jicho," alisema, kwa sauti ambayo hawajaizoea. "Mnajua hilo nyie? Jicho lenyewe. Nimelitumia miaka yote."

Mkewe alitaka kuinuka. Bawaba alimtazama, naye akatulia. Hakuna aliyesema usiogope, kwa sababu angekuwa anaongea upuuzi.

"Haya, kalia mikono," alisema mama mkwe hatimaye. Bawaba akaketi, akaikalia.

Akaligusa jicho. Jina. Tarehe, katika kisanduku kimoja kipana, mara moja na bila kukosea. Namba ya simu, akiitamka kwa sauti tarakimu moja moja kama anayesoma anwani. Kisha kitufe kikubwa kilichoandikwa "Niandikishe". Kidole kilisimama juu yake muda mrefu. Kikashuka.

Kioo kikageuka kijani. Maneno yalikuwa matatu tu, makubwa, na pembeni yake pote patupu. Mama mkwe aliyasogeza karibu na pua akayasoma, akayasoma tena kwa sauti.

"Umeandikishwa. Karibu sana."

Mkewe alilia waziwazi, akaenda kumkumbatia mama yake. Bawaba alilia pia, machozi yakamteremka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na hakuwa ameambiwa ainuke.

Mama mkwe akaomba daftari. Akaandika tarehe na saa, na chini yake akapiga kijiti kimoja.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kufunguliwa bendeji ya jicho la kulia, mkewe alikuwa kazini, hivyo aliyekwenda ni Bawaba. Muuguzi alizungusha kitambaa taratibu, akakitoa. Mama mkwe akapepesa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Umeota mvi nyingi hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kazi na wewe, mama."

Alimwomba simu. Akaufungua ukurasa, akaukagua juu mpaka chini, akasema ile kijani ya mwisho ingepunguzwa kidogo, inaumiza. Alisema kwa furaha ya mtu anayekosoa kwa macho yake mwenyewe. Bawaba alimtazama na moyo ukazidi kumlemea, mpaka akaona hawezi kutoka naye mlangoni akiwa bado ameificha ile habari.

"Mama, kuna jambo sijakwambia." Akamweleza yote. Madoa mekundu, kicheko, jina la Kuku, na maneno yake mwenyewe kuhusu mtama. Hakupunguza. "Sikujua ni wewe. Lakini nilicheka."

Mama mkwe aliizima simu, akaiweka mapajani.

"Posta walikuwa wananiletea miandiko mibaya," alisema. "Tuliipitisha mkono kwa mkono kwanza, tucheke, ndipo nisome. Siku moja ikaja bahasha, herufi zimepinda, nyingine zimegeuka nyuma mbele. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mmoja akasema hii kaandika mbuzi kwa kwato. Nikaichukua kwenye taa nikaisoma. Ilikuwa na jina langu."

Bawaba alivuta kiti karibu.

"Mama yangu alikuwa amekwenda kujifunza kuandika, mtu mzima vile, hakuniambia. Ile ndiyo barua yake ya kwanza. Nilisimama pale nayo, wenzangu bado wanacheka, wananiuliza ni ya nani, na mimi sisemi."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanya nini? Nilimjibu." Alimshika mkono wa kulia, ule uliochapwa, akaubakisha kwenye wake. "Nikamjibu kwa herufi kubwa. Mistari mitatu tu, na kati ya mstari na mstari nikaacha nafasi, ili asipotee. Akaisoma mwenyewe, mwanangu. Hakumwita mtu amsomee."